Wa Nyuma Pia Amelipa
Ngong haiaminiki, wasee. Mpango ulikuwa vilima vyote saba, tutokee Kona Baridi. Asubuhi kwenye ile mitambo ya upepo jua lilikuwa linachoma, jaketi zote kiunoni. Karibu na Lamwia, mita 2,460, ukungu ukatufunika hadi simwoni aliye hatua tano mbele, kisha mvua ya kukuchapa kutoka upande. Kiongozi na wenye mbio walikuwa washaenda. Nyuma tulibaki watatu, mmoja goti limefura, na njia imegawanyika mara mbili.

Mimi naona anayeenda polepole ndiye anafaa kuweka mwendo wa kundi, ama kiongozi aache mtu nyuma. Si tulilipa pesa sawa?

Kona Baridi tuliwapata wakinywa chai. Eti, "Mbona mmekawia?"