Siku Sita Zilizobaki

Wazazi wenzetu, na hasa akina mama mnaolea, juma hili twaomba idhini ya kueleza jambo lililotokea nyumbani mwetu, na ambalo lawama yake ni yetu.

Mjukuu wetu wa miaka minane alirudi kutoka madrasa Alhamisi moja akiwa kimya. Hata kumeza mate kulimwia taabu, na usiku homa ikampanda ghafla. Mamake alimsukutuza kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akampa asali. Bi mkubwa mmoja jirani akashauri akatwe kimio, kwani ndivyo walivyofanya wazee wake. Hilo tulilikataa, kimio hakina kosa, na wembe ule huweza kumwaga damu isiyozuilika. Tulimsomea dua, na asubuhi tukampeleka zahanati, maana kujitibu nako ni katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.).

Daktari alimulika koo. Mafindofindo yalikuwa mekundu, yamevimba, yana madoa meupe ya usaha, na tezi za shingoni ziliuma zikiguswa. Akauliza kama mtoto anakohoa au ana mafua. Hakuwa na lolote kati ya hayo. Alitufahamisha kuwa maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, nayo hupoa bila antibiotiki. Kikohozi, mafua na sauti kukauka aghalabu huashiria aina hiyo. Lakini dalili za mjukuu wetu zilielekea bakteria waitwao streptokoki, ambao huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na husambaa kwa matone ya mate na chafya. (Hapo tukaikumbuka kata moja ya mtungini ambayo wanafunzi wetu wote huinywea.) Akapewa amoksilini ya siku 10, akatakiwa asichanganyike na wenzake siku ya mwanzo, kwani baada ya saa 24 za dawa ni nadra kuwaambukiza wengine.

Siku ya nne alikuwa uwanjani akicheza mpira. Mamake akatuuliza, "Baba, nimmalizie dawa hii au niiweke?" Tukamjibu, kwa yakini ya mtu aliyezoea kuulizwa, kwamba mtoto ameshapona, na kuzidisha dawa si kuzuri. Chupa ikawekwa juu ya friji imngojee mgonjwa mwingine, nayo dawa ya maji iliyokwisha kuchanganywa hata haiwekeki.

Wiki tatu baadaye goti likavimba. Tukausingizia mpira. Lilipopoa, kifundo cha mguu kikashika zamu, kisha kiwiko, na homa ikarudi. Hospitalini tuliambiwa ni homa ya baridi yabisi: mwili, katika kupigana na streptokoki, hukosea ukajishambulia wenyewe. Maungo hupoa, moyo ndio huachwa na kovu. Picha ya moyo ilionyesha vali moja inavujisha damu kidogo.

Tulimuuliza daktari kama siku sita zile zingalimwokoa. Alisema hakuna awezaye kuapa, ila antibiotiki ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, na ikamalizwa, huizuia homa hiyo kwa wengi. Neno hilo "kwa wengi" tumelala nalo usiku mwingi. Wako wanaotuliwaza kwamba ni kadari, na ni kweli ni kadari; lakini chupa tuliiweka sisi.

Sasa kila mwanafunzi wetu huja madrasa na kikombe chake. Na mama akituuliza habari ya dawa, twamrejesha kwa aliyeiandika.

Mjukuu wetu hudungwa penisilini kila wiki nne, na ataendelea hivyo kwa miaka mingi, ili koo lisishikwe tena na moyo usizidi kudhurika. Sindano hiyo huuma sana. Twaenda naye sisi wenyewe, naye hutushika kidole cha shahada mpaka imalizike.