Kutoka Croydon hadi Stratford Place

Atokaye katika kituo cha treni cha East Croydon, kusini ya London, hana haja ya kuuliza njia. Akitembea dakika chache ataliona Lunar House, jumba la ghorofa 20 lililokamilika mwaka 1970 na kupewa jina la mwezi, kwani wanadamu walikuwa ndio kwanza wameukanyaga. Hapo yapo makao ya idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza. Wengi wetu tulilijua jumba hilo kwa kuswali alfajiri na kupanda treni ya mapema, bahasha ya vyeti kwapani.

Tulichokifuata ni ruhusa ya kuishi bila kikomo, ambayo mitaani twaiita ukaazi wa kudumu. Aliyepewa hufanya kazi atakayo, husomesha watoto na hutibiwa, na hakuna anayemtaka abadili paspoti aliyokuja nayo. Tangu mwaka 2007 waombaji wengi hutakiwa kwanza kufaulu mtihani wa maisha ya Uingereza: maswali 24 kwa dakika 45, na 18 yawe sahihi. Sisi tuliozeeka tukisahihisha madaftari twajua kuwa asilimia 75 ni alama ambayo wanafunzi wetu wengi wangeifanyia karamu.

Lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye ruhusa ya kuishi huku aweza kuandikishwa kupiga kura, hata ya kuchagua Bunge la Westminster. Kura ya kuchagua wabunge wa Dodoma haipigwi ughaibuni. Hivyo tumechagua wabunge wa Waingereza, hali paspoti zetu ni za Tanzania.

Lakini ukaazi huu umefungwa miguuni mwa mwenyewe. Akikaa nje ya Uingereza mfululizo zaidi ya miaka 2, hufutika kwa sheria, na anayetaka kurejea huomba viza upya, akieleza alichokiacha huku. Wanaosahaulika hapa ni watu wazima wenzetu. Mtu huenda Tanga kumuuguza mama yake kwa miezi mitatu. Mama anapona nusu, anaugua tena, mwaka unapita, na hakuna mwana mwema atakayemwacha mzazi kitandani kwa kuwa kalenda imemwita. Atakayekwenda kuuguza na aiandike tarehe aliyoondoka, na nakala abaki nayo ndugu aliye huku.

Kadi za plastiki za ukaazi nazo zilifikia ukomo tarehe 31 Desemba 2024. Sasa hadhi ya mtu imo katika kompyuta za serikali, ikiambatanishwa na nambari ya paspoti yake. Ukipata paspoti mpya, ukaacha kuiingiza katika akaunti yako, huenda ukazuiwa uwanja wa ndege. Vijana wawasaidie wazee katika hili.

Na paspoti yenyewe hutupeleka mahali pengine kabisa. Twapanda treni hadi Victoria, kisha ya chini ya ardhi hadi Bond Street, na hatua chache kando ya kelele za Oxford Street twaingia Stratford Place, kijia kisichotokea upande wa pili. Nambari 3 ndipo ulipo Ubalozi wa Tanzania. Mlangoni twaiona bendera yetu, na ndani twasikia shikamoo ikiitikiwa ipasavyo.

Hapo ndipo swali hurudi: kwa nini tusichukue uraia wa huku, yakaisha? Wakenya waliruhusiwa uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya mwaka 2010. Tanzania haijaruhusu; mtu mzima achukuaye uraia mwingine kwa hiari huupoteza wa kwetu. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilimzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na wengi wetu tuna shamba la baba lenye makaburi ndani yake. Mwaka 2025 sheria zilirekebishwa ili wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kigeni wapewe hadhi maalumu. Ni hatua njema. Hata hivyo hadhi si uraia, na sisi wenye umri huu tumeamua kubaki tulivyo.

Uamuzi huo hatuwezi kuwafanyia watoto. Aliyezaliwa Uingereza mzazi wake akiwa na ukaazi wa kudumu ni Mwingereza tangu kuzaliwa. Kwa Tanzania huhesabiwa raia kwa kurithi, lakini afikapo miaka 18 yampasa kuukana ule mwingine, la sivyo wa kwetu humtoka. Katika nyumba moja tuijuayo, baba na mama wana paspoti za Tanzania, binti amebaki na ya Uingereza, na mdogo wake atatimiza miaka 18 kabla ya mwaka kwisha. Wazazi wamempeleka likizo akaone mipaka ya shamba, wakamtajia majina ya waliozikwa pale. Hawajamwambia achague nini, nasi twaona wamefanya vyema. Kijana mwenyewe bado hajasema neno.