Siku Zilizozidi

Twakiri mbele ya walimu wenzetu kwamba kosa letu lilianzia katika neno moja dogo: hadi. Mwezi Mei 2022 tulitoka Masaka, tukavuka mpaka wa Mutukula kwenda Bukoba kumwuguza shangazi yetu aliyeolewa huko. Kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, humruhusu raia wa nchi mwanachama kuzuru nchi mwenzake hadi miezi 6. Sisi tulishika miezi 6. Hadi tukaiacha njiani. Afisa uhamiaji alikuwa ameandika siku 30 juu ya muhuri, nasi tukaifunga pasipoti bila kusoma. Ndio sisi hao ambao kila muhula huwagombeza wanafunzi kwa kutosoma swali!

Tulikaa siku 41. Wakati wa kutoka tulionyeshwa muhuri, tukaandika maelezo, tukalipa faini, tukarudi kwetu kichwa chini.

Julai 2023 tukaalikwa Bukoba tena, kwenye Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya tarehe 7 ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Pale Mutukula, tangu 2017, pana kituo cha pamoja: aingiaye Tanzania hugongewa muhuri wa kutoka Uganda na ule wa kuingia katika jengo moja, upande wa Tanzania. Toka dirisha hili mpaka lile ni hatua chache mno. Hazimtoshi mtu kutunga uongo.

Tulikuwa tumejitungia sentensi usiku kucha. Afisa, binti wa umri wa wanafunzi wetu, alipousoma mwaliko alituamkia shikamoo, nasi tukaitikia marahaba kwa sauti iliyokauka. Akafunua kurasa polepole.

"Mwalimu, mwaka jana palitokea nini hapa?"

"Siku zilizidi kidogo, afande."

"Zilizidi zenyewe?"

Tukanyamaza. Miaka 20 tumefundisha ubaoni kwamba kuzidi si kuzidisha. Kwamba kitenzi cha pili hudai mtu wa kukitenda. Na barua yetu ya maelezo ya mwaka uliotangulia, twakumbuka vema, ilijaa siku zilizozidi, muda uliopita, muhuri ambao haukuonekana. Mtu hakuwamo.

"Nilizidisha," tukajibu. (Hapo "sisi" ya waandishi isingetufaa kitu.) "Siku kumi na moja. Nilikuwa nikimwuguza shangazi, na muhuri sikuusoma."

Akauliza tutalala wapi na tutarudi lini, akaandika siku 14, kisha akatugeuzia pasipoti.

"Soma, mwalimu."

Tukasoma kwa sauti, foleni nzima ikisikiliza.

Shangazi tulimkuta barazani, fimbo yake kando. Hakuuliza habari za safari.

"Umepewa ngapi safari hii?"

Tulipomwambia alizihesabu kwa vidole. Mikono ikamwishia, akaanza tena kidole cha kwanza.

"Basi, mwanangu," akasema, "huko kwenye sherehe zenu usikawie."