Chupa juu ya kabati

Kwetu Pwani, neno afyuni halitamkwi bila ya moyo kushituka. Unga umetuchukulia vijana mtaa kwa mtaa. Hivyo hatukushangaa, tulipokwenda Malava kumzuru mkwe wetu ambaye saratani imemwingia uti wa mgongo, kuikuta chupa yake ya mofini juu ya kabati, haijafunguliwa. Binti yake alituuliza, "Sheikh, mama hakai wala halali. Lakini nikimpa hii si nitakuwa nimemlewesha? Na thawabu za subira yake je?"

Tulimjibu kwamba mofini kweli hutokana na afyuni, na heroini hutengenezwa kwa mofini. Ila mgonjwa huyu hatafuti starehe. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na wanavyuoni wameruhusu dawa ya namna hii kwa dharura, pale tabibu mwaminifu aonapo haja. Subira haimlazimu mtu kukataa nafuu. Tena, mama huyu alikuwa hawezi kuimaliza Fatiha kwa maumivu!

Mjukuu wake alikuwa amesoma habari za pampu. Ipo: chombo kidogo cha duara hupachikwa chini ya ngozi ya tumbo, na mrija mwembamba hupeleka mofini hadi kwenye majimaji yanayozunguka uti wa mgongo. Kwa kuwa dawa hufika karibu na mishipa ya fahamu yenyewe, hutosha takriban sehemu moja kwa 300 ya ile inywewayo. Lakini yataka upasuaji, gharama kubwa na kujazwa tena kwa sindano kila baada ya wiki au miezi kadhaa. Familia ya wakulima wa miwa itaingojea hadi lini, ilhali chupa i nyumbani?

Jirani zetu wa Uganda hawakungoja pampu. Tangu 1993, Hospice Africa, iliyoasisiwa na Daktari Anne Merriman, imewapa wagonjwa mofini ya maji majumbani mwao, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika.

Akina mama mnaouguza, dawa hii hunywewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, basi ombeni na dawa ya kulainisha. Msiongeze kipimo wenyewe. Mgonjwa akisinzia mno na pumzi ikawa ya polepole, mkimbizeni hospitali. Chupa ifungiwe mbali na watoto, na itakayobaki irudishwe huko ilikotoka.