Masifuri Manane

Duka lilikuwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, linauza na kutengeneza simu. Malalamiko ya wateja yaliandikwa kwenye kaunta-buku lililochakaa, na mimi nikaitwa kuyahamishia kwenye kompyuta.

Nikaandika kwa Python muundo wa tiketi: jina, simu, tatizo, hali, tarehe. Hali zilikuwa tatu tu: mpya, inashughulikiwa, imefungwa. Namba ya simu ilikuwa lazima, iwe na tarakimu 10, ianze na 06 au 07, na isiwe imeshasajiliwa kwa mteja mwingine. Majaribio yote yakapita. Nilijiona fundi.

Wiki chache baadaye nikamkuta mama mmoja kaunta. Simu yake ilishapona zamani, imelala kwenye droo siku 16. Hakuna aliyempigia. Nikafungua tiketi yake: 07, kisha masifuri manane.

Dogo wa mapokezi akajitetea. "Kaka, nilijaza namba ya jirani yake, mfumo ukagoma. Jirani naye ana simu hapa. Foleni ndefu, nikaweka masifuri. Ikapita."

"Sasa mwanangu," mama akasema, "simu yangu ndiyo hiyo mmeishika. Mlitaka niwape namba gani?"

Sikuwa na jibu. Msimbo wangu ulikataa namba ya kweli ukapokea ya uongo, kwa sababu ulipima umbo tu. Na kanuni isiyompa mtu nafasi ya kusema ukweli humfundisha kudanganya vizuri.

Nikarudi kwenye kaunta-buku. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na maandishi madogo: "ulizia kwa muuza vitenge, Mtaa wa Kongo", "atapita Jumamosi". Mwanzoni niliyaona uchafu, nikayaruka. Kumbe ndiyo yaliyokuwa yanarudisha simu kwa wenyewe.

Usiku ule nikafuta sharti la namba kutojirudia. Nikaongeza sehemu ya "anapatikana kupitia nani", na ya siku atakayopita mwenyewe. Mojawapo ikijazwa, namba inaweza kubaki wazi. Tiketi nayo isifungwe mpaka mteja akabidhiwe.

Mama yeye alishaondoka mchana ule. Kabla ya kutoka aliiwasha simu, akasimama anasubiri. Zikaingia meseji mbili, tatu, kisha kimya. Nyingine zilikwishapotea njiani.