Nyanya za Mama

Somo: Mithali 15:17

Sisi tunaoandika haya ni mchungaji na mama mchungaji. Tunasema "sisi" kwa kuwa kosa tunalolisimulia tulilitenda wote wawili, na neema iliyofuata tuliipokea wote wawili.

Tulizaliwa Kilimanjaro. Wasomaji wanaotoka huko wanajua kihamba ni nini: shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Wanajua pia kwamba kwa desturi nyumba ya wazazi hubaki kwa mtoto wa mwisho wa kiume. Mmoja wetu ndiye kitindamimba. Lakini kazi ya Bwana ilitupeleka mbali, usharika huu na ule, na aliyebaki na mama yetu mpaka pumzi yake ya mwisho alikuwa kaka yetu mkubwa pamoja na mke wake. Wao ndio waliomwogesha mama, wakamlisha, wakakesha naye.

Mama alipozikwa, tulidai nyumba. Tulisema desturi iko upande wetu. Kaka akasema jasho liko upande wake. Maneno yakawa makali, tena mbele ya watoto, na tukaondoka bila kuagana.

Krismasi ya kwanza baada ya hapo tulipanda nyumbani kama Wachagga wote wanavyofanya mwezi wa Desemba. Mbuzi alichinjwa, ndafu ikachomwa, lakini tulikula makundi mawili, sisi chini ya mparachichi na wao jikoni. Nyama ilikuwa nono, ila haikushuka kooni. Krismasi ya pili hatukupanda kabisa. Tuliwaambia washarika kwamba tuna kazi nyingi za ibada. Kazi zilikuwepo kweli, lakini hazikuwa sababu.

Katika muda wote huo tuliendelea kubatiza, kushirikisha Meza ya Bwana na kusuluhisha ndoa za watu. Mtu anaweza kuhubiri msamaha miaka miwili huku moyo wake umefungwa kwa kufuli. Tunajua, maana tulifanya hivyo.

Bwana alitugusa kwa kitu kidogo: nyanya.

Usharika wetu uko tambarare, na nyuma ya nyumba ya mchungaji kuna bustani. Mwaka ule tulipanda nyanya za mbegu chotara kutoka duka la pembejeo, tukitegemea zitusaidie ada. Wakaja wadudu ambao wakulima wanawaita kantangaze, walioingia nchini mwaka 2014 na kuwaliza wengi. Viwavi walitoboa majani, wakatoboa matunda. Tulipiga dawa, hawakusikia. Tuling'oa yote, tukachoma. Mbegu nyingine hatukuwa na fedha ya kununua, na chotara huna namna ya kuiwekea mbegu ukatumaini itazaa kama mama yake.

Ndipo tukakumbuka nyanya za mama. Mama hakuwahi kununua mbegu. Alichagua tunda lililoiva vizuri kwenye mche usio na ugonjwa, akakamua mbegu kwenye kikombe, akaziacha siku mbili tatu mpaka ule ute ukachacha na kuachia. Alizisuuza, akazianika kivulini juu ya kitambaa, akazichanganya na majivu na kuzifungia kwenye kopo. Alikuwa na nyanya nyekundu pana zenye mikunjo kama boga, alikuwa na za njano, na zile ndogo za mviringo zinazofanana na gololi. Zilizaa kidogo, na sokoni wachuuzi walizikataa kwa sababu zilipasuka njiani. Lakini kwa utamu hatujaonja nyingine za kuzifikia. Na kopo lile lilikuwa kwa kaka.

Juma hilohilo tulikuwa tukifundisha kipaimara, na tulifika kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther anaeleza kwamba mkate wa kila siku si chakula tu. Anaweka humo nyumba, shamba, hali nzuri ya hewa, hata majirani wema. Kijana mmoja akanyosha mkono: "Mchungaji, kama jirani mwema ni sehemu ya mkate wa kila siku, na ndugu je?" Tulimjibu jibu zuri la darasani. Usiku hatukulala. Mmoja wetu akasema gizani, "Tunaomba mkate kila siku, na nusu yake tumeiacha mlimani." Tukakumbuka pia kwamba ombi linalofuata la mkate ni la kusamehewa kama tunavyosamehe. Yesu aliyaweka yamekaribiana hivyo.

Mwezi wa Agosti tukapanda mlima. Kabla ya kufika, tulisimama kwenye mpaka wa kihamba tukachuma jani la isale. Kwa Wachagga, anayekujia na isale amekuja kuomba radhi, na ni vigumu sana kumkatalia. Tulijiuliza kama inafaa mchungaji kushika kitu cha desturi. Tukamkumbuka Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, ambaye aliona kuwa mambo mengi yanayowaunganisha watu wetu si adui wa Injili. Msamaha unatoka kwa Kristo. Jani lilikuwa la kutusaidia miguu isigeuke nyuma.

Kaka alikuwa akisafisha mfongo. Tulimshikia lile jani kwa mikono miwili.

"Kaka, tumekosa. Tulikuacha na mama peke yako, kisha tukaja kudai. Utusamehe."

Alinyamaza muda mrefu, maji yakipita miguuni pake. Kisha akalipokea. Akasema, "Mdogo wangu, mimi nilichokuwa nasubiri ni hilo neno la kwanza. Nyumba tungeizungumza tu."

Ndani tulimwambia mke wa kaka kwamba tumekuja pia kuomba mbegu. Akaenda chumbani kwa mama, akarudi na kopo. Kumbe kila msimu alikuwa amepanda na kukamua upya, ili mbegu zisizeeke zikafa. Alipotukabidhi alisema, "Hizi si zangu. Ni za mama, na nyie ni watoto wake." Tukalia wote.

Mbegu tulizisia wiki ileile, tukazihamishia shambani katikati ya Septemba. Kantangaze walikuja tena, maana mbegu za zamani nazo hazina kinga ya ajabu. Lakini safari hii tulikagua kila asubuhi, tukachuma na kuteketeza majani yaliyoshambuliwa mapema. Tulipoteza kiasi, tukavuna kiasi. Desemba ilipofika tulikuwa na kapu moja.

Tulipanda nalo nyumbani Krismasi. Mwaka ule hapakuwa na mbuzi, kwa sababu ada zilikuwa zimetumaliza wote. Joto lilikuwa kali na hakuna aliyetamani moto. Basi tukaamua kutengeneza kachumbari ya kuwatosha wote, iliwe na ndizi za kuchemsha. Wanawake na wanaume tulikaa mkeka mmoja.

Tuliosha mboga kwa maji mengi safi yanayotiririka: saladi, majani machanga ya mchicha mwekundu, figiri changa zenye ukali wa kupendeza, na giligilani. Vitunguu tulivikata vyembamba, tukavifikicha kwa chumvi na kuvisuuza ili ukali upungue. Nyanya pana tulizikata mapande makubwa, za njano vipande vya mviringo, na zile gololi tukaziacha nzima ili watoto wazipasue wenyewe mdomoni. Tukaongeza parachichi la mti uleule tuliowahi kukaa chini yake kwa hasira. Limau tulikamua karibu na kula, na chumvi tukaweka mwisho kabisa, kwa kuwa ikitangulia nyanya hutoa maji yote na majani hulegea. Waliosoma lishe watakuambia kwamba limau na nyanya huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika mboga za majani. Sisi tunaweza kukuambia kwamba bakuli lile, lenye wekundu, njano, kijani na zambarau, lilinyamazisha watoto kumi na mmoja.

Kaka akaomba sala. Alimshukuru Mungu kwa mama, kwa mvua, na kwa "hawa waliorudi". Tukala kutoka bakuli moja. Hapo ndipo tulipolielewa lile somo la Mithali, ambalo tulikuwa tumelihubiri mara nyingi, kwamba mboga tu mahali penye upendo hushinda ng'ombe aliyenenepeshwa mahali penye chuki. Ile ndafu tuliikumbuka wote, ila hakuna aliyeitaja.

Tusidanganyane, wapendwa. Jambo la ardhi halikuisha siku ile. Tulikaa na wazee mara tatu baadaye. Kaka amebaki katika nyumba, nasi tumepewa kipande cha chini karibu na mfongo. Kuna siku bado kinatuuma, na pengine kuna siku kinamuuma yeye. Lakini sasa maumivu hayo tunayazungumza tukiwa tumekaa, si tukiwa tumepeana migongo.

Kama nawe una ndugu ambaye hamjala pamoja, usisubiri uwe na cha kuchinja. Nenda na neno la kwanza. Na ukirudi na mbegu, zipande, uzikamue, uwagawie wengine. Kopo letu liko juu ya kabati la vyombo, na mshariki yeyote anayetaka aje na kitambaa chake.

Bwana atupe mkate wetu wa leo, na ndugu wa kuula pamoja nao. Amina.