Picha na Mtoto wa Dubu? Kwanza Niambie Mama Yake Yuko Wapi

Wadau, nikiona picha ya staa kasimama hatua mbili kutoka kwa mtoto wa dubu, huwa sisemi "waoo". Najiuliza mama yake yuko wapi. Maana porini mtoto wa dubu aina ya grizzly hukaa na mama yake miaka miwili hadi mitatu, na mama huyo hana utani kabisa.

Mwaka juzi nilimpeleka dada mmoja maarufu mitandaoni, jina kapuni, hifadhi ya Yellowstone, huku huku Marekani ninakoishi. Katoka Bongo na gauni lake jekundu na shida moja tu: picha, watoto wa dubu wakiwa nyuma yake. Alfajiri, Bonde la Lamar, bahati ikatuangukia. Mama anachimba mizizi, watoto wawili wanasukumana kama watoto wa uswahilini. Dada kashika mlango wa gari tayari.

"Mdogo wangu, dakika mbili tu."

"Dada, picha nitakupiga, ila nani ataiposti?"

Sheria ya pale ni kukaa mita 91 kutoka kwa dubu, na haikuwekwa kutunyima raha. Grizzly hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Hata Usain Bolt anaachwa, sembuse mtu mwenye gauni la kuburuza.

Nikazima injini, nikaweka kimfuko cha mchele dirishani, lenzi ya milimita 600 juu yake, nikasubiri. Kipimo changu ni kichwa cha mama. Akiendelea kula, uko sawa. Akikiinua kukuangalia, ushamsogelea mno. Yule hakuacha kula, na nikapata watoto wote wawili wamesimama kwa miguu ya nyuma, wamekumbatiana.

Dada alininunia mpaka jioni. Poa tu. Aprili 2024, mjini Asheville, North Carolina, watu waliwavuta watoto wa dubu kutoka mtini ili wapige selfi. Mmoja akaishia kwenye kituo cha kulelea wanyama, bila mama. Kisa? Picha ya simu.

Kwa hiyo mkiona staa kambeba kadubu, msikimbilie kulaiki. Kuna mzazi hayumo kwenye hiyo picha.